Leptini inaweza kurudisha homoni za uzazi baada ya kukoma hedhi? Jibu kwa msomaji

*"Daktari, nina umri wa miaka 56 na hedhi yangu ilikoma nilipokuwa na miaka 51. Tangu wakati huo nimeongezeka kilo 11, nyingi zikiwa tumboni, na sasa nina kilo 89 kwa urefu wa sentimita 160. Usiku naamshwa na joto na jasho, kisha njaa inanishika mpaka niende jikoni. Nimeota ndevu chache kidevuni. Mama mmoja anayeuza virutubisho aliniambia kwamba homoni ya hamu ya kula iitwayo leptini ndiyo inayoziamrisha homoni zote za uzazi, na kwamba yangu imevurugika. Akaniuzia vidonge vya leptini vya miezi mitatu. Nilipima homoni mbili za uzazi kwenye damu nikaambiwa FSH ni 58 na LH ni 27, zote zimeandikwa kuwa ziko juu. Mdogo wangu, ambaye ni mwembamba na hedhi yake pia imekoma, FSH yake ni 96, na yule mama anasema maana yake mdogo wangu ameharibika zaidi. Wiki ya sita ya kutumia vidonge niliona damu kidogo kwa siku mbili. Muuzaji alifurahi, akasema homoni zinarudi. Je, ni kweli leptini inaweza kurudisha homoni za uzazi? Niendelee na vidonge? Na mdogo wangu tumsaidieje, maana mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika mkono?"*

Mama, maswali yako yote nitayajibu, lakini naanza na lile la damu, kwa sababu halipaswi kusubiri mpaka tumalize mazungumzo ya leptini. Mwanamke aliyekaa miezi 12 mfululizo bila hedhi huhesabiwa kuwa amekoma hedhi, na damu yoyote itakayomtoka ukeni baada ya hapo, hata kama ni matone, hata kama ni ya rangi ya kahawia na imedumu siku moja tu, haiitwi hedhi. Inaitwa damu baada ya kukoma hedhi, nayo ni dalili ya kuchunguzwa. Nakuomba usimamishe vidonge hivyo leo, na uende kwa daktari wa magonjwa ya wanawake ndani ya wiki hii au ijayo, ukiwa umebeba kopo la vidonge lenyewe ili lebo yake isomwe.

Sisemi hivi ili kukutisha. Wanawake wengi wanaotokwa na damu ya namna hiyo hukutwa na sababu nyepesi, hasa kukonda na kukauka kwa ngozi ya ndani ya uke na mfuko wa uzazi, au kinyama kidogo kisicho na saratani kilichoota ndani. Lakini katika kila wanawake 100 wanaofika hospitali kwa dalili hii, takriban 9 hukutwa na saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, na ukigeuza hesabu hiyo upande wa pili utaona kwamba takriban wagonjwa 9 katika kila 10 wa saratani hiyo walitokwa na damu kabla ya kugunduliwa. Kwa hiyo mwili hutoa taarifa mapema, wakati matibabu bado yanaweza kuponya kabisa, mradi taarifa hiyo isitafsiriwe kuwa habari njema na mtu anayeuza vidonge.

Daktari atapaswa kuutazama mlango wa mfuko wa uzazi kwa macho yake, si kukuandikia tu picha, kwa sababu katika nchi zetu za Afrika Mashariki saratani ya mlango huo bado inawaua wanawake wengi, nayo pia huanza kwa kutoa damu. Kisha utafanyiwa altrasaundi ya kupitia ukeni ili kupima unene wa ukuta wa ndani. Ukiwa milimita 4 au pungufu, uwezekano wa saratani ni mdogo mno. Ukizidi hapo, au damu ikiendelea kutoka hata kama kipimo ni kizuri, itabidi kipande kidogo cha ukuta huo kichukuliwe kikapimwe maabara. Ni kipimo kinachouma kwa muda mfupi, na wanawake wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Sasa tuingie kwenye leptini, maana yule mama hakutunga kila kitu. Alichukua jambo la kweli linalowahusu wanawake wa rika jingine na hali nyingine, akakuuzia wewe.

Leptini ilitambuliwa mwaka 1994 na maabara ya Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Hutengenezwa na mafuta ya mwili wenyewe, yaani chembe zilezile zinazohifadhi mafuta chini ya ngozi na kuzunguka matumbo, na kiasi chake katika damu hupanda kadiri mafuta yanavyoongezeka. Husafiri hadi sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi, na huko hutoa taarifa ya akiba iliyopo, hivyo hamu ya kula hupungua. Hiyo ndiyo kazi iliyoipa jina la homoni ya shibe. Lakini taarifa hiyohiyo husomwa pia na sehemu ya ubongo inayosimamia uzazi, na hapa yule mama alikuwa na hoja. Ubongo hauruhusu mwanamke ashike mimba wakati mwili hauna akiba ya kumlisha yeye na mtoto. Ndiyo maana msichana aliyekonda kupita kiasi hukawia kuvunja ungo, na mwanariadha anayekimbia sana huku akila kidogo huacha kuona siku zake.

Ushahidi wa jambo hilo ni imara. Panya waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini huwa wanene na tasa, na wakidungwa leptini hupungua uzito na kuzaa. Watoto wachache waliozaliwa na kasoro hiyohiyo hawabalehe mpaka watibiwe kwa leptini. Na mwaka 2004 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wanawake 8 ambao hedhi yao ilikuwa imesimama kwa sababu ya mazoezi makali au uzito mdogo. Walidungwa leptini kwa muda usiozidi miezi mitatu, homoni ya LH ikaanza kupiga kwa mapigo yake ya kawaida, na watatu kati yao wakapevusha yai. Nadhani ni matokeo kama hayo, yakiwa yamepita midomo mingi, yaliyofika kwenye karatasi ya matangazo uliyosomewa.

Angalia sasa tofauti yao na wewe. Wanawake wale walikuwa vijana, ovari zao zina mayai ya kutosha, na kilichokosekana ni ruhusa tu kutoka kwenye ubongo. Ni sawa na mkulima aliyesimama pembeni ya shamba akiwa na gunia la mbegu, akisubiri mtunza ghala amwambie kwamba chakula cha kuvukia kipindi cha kilimo kipo. Neno la mtunza ghala linatosha kumfanya ashike jembe. Kwako wewe ghala limejaa na mtunza ghala hajanyamaza hata siku moja. Kilichokwisha ni mbegu.

Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na vifuko vya mayai kati ya milioni 1 na milioni 2 katika ovari zake. Anapovunja ungo vimebaki 300,000 hadi 400,000, na hedhi inapokoma kabisa vimebaki chini ya 1,000, tena visivyoitikia wito. Hakuna vinavyotengenezwa vipya. Vifuko hivyo ndivyo vilivyokuwa vikitoa estradioli, yaani estrojeni kuu ya mwanamke anayepata hedhi, pamoja na homoni nyingine iitwayo inhibini, na zote mbili zilikuwa zikirudi kwenye ubongo na tezi ya pituitari iliyo chini yake kusema kwamba kazi inafanyika, punguzeni amri. Vifuko vinapokwisha, sauti hiyo ya kupunguza hutoweka. Pituitari huzidisha kumwaga FSH na LH, yaani zile homoni zake mbili za kuiamrisha ovari. FSH hupanda hata mara 10 hadi 15 ya kiwango cha ujana, LH hupanda pia lakini kwa kiasi kidogo zaidi.

Kwa hiyo neno "juu" lililoandikwa kwenye majibu yako ni la mashine inayolinganisha damu yako na ya msichana wa miaka 25. FSH ya 58 kwa mwanamke wa miaka 56 ni ya kawaida kabisa. Ningeongeza, bila kumlaumu aliyekupima, kwamba hukuhitaji kipimo hicho: kwa mwanamke aliyepita miaka 45 na ambaye hedhi imekoma, umri na historia yake vinatosha. Kupima kiwango cha leptini nako hakuna msaada, kwa sababu jibu lake tunalijua kwa kuangalia uzito.

Na hapo kuna jambo la pili ambalo muuzaji hakukuambia. Kwa uzito wako, leptini unayo nyingi, pengine mara kadhaa ya ile aliyo nayo mdogo wako. Tatizo la mtu mnene si uhaba wa leptini bali ubongo uliozoea kelele zake kiasi cha kutoisikia vizuri. Dawa ya leptini ilipogunduliwa, kampuni na wagonjwa walitarajia kwamba itamaliza unene duniani. Majaribio yaliyofuata kwa watu wanene wa kawaida yalileta upungufu mdogo wa uzito, na kwa wengine haukuwepo kabisa. Leo leptini ya kutengenezwa, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2014, hutumika hasa kwa wagonjwa wachache ambao miili yao haina mafuta ya kutosha kutengeneza ya kwao. Tena ni sindano. Leptini ni protini, na protini ukiimeza tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama au maharage. Kidonge cha leptini hakiwezi kufikisha leptini kwenye damu, hata kama kimeandikwa hivyo kwa herufi za dhahabu.

Basi ndani ya kopo lako kuna nini? Sijaliona, siwezi kukuambia. Virutubisho vingi vinavyouzwa kwa wanawake waliokoma hedhi vina mimea ambayo hutenda kazi kama estrojeni dhaifu, na baadhi ya bidhaa zisizosajiliwa hukutwa na dawa ambazo hazikuandikwa. Kama uko Tanzania, angalia iwapo ina namba ya usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kama uko Kenya, kuna Bodi ya Famasia na Sumu. Hata hivyo nakusihi usitulie kwa kusema kwamba labda vidonge ndivyo vilivyoleta damu. Vinaweza kuwa vimechangia, na uchunguzi bado unahitajika vilevile.

Nimesema kwamba leptini haiwezi kuiamsha ovari iliyokwisha mayai. Je, ina maana kwamba mafuta na homoni za hamu ya kula hazina uhusiano wowote na homoni za uzazi baada ya kukoma hedhi? Hapana, na hapa ndipo swali lako lilipo na utajiri kuliko ulivyodhani. Uhusiano upo, ila umebadilika. Kabla ya kukoma hedhi, mafuta yalikuwa yakituma taarifa kwenye ubongo ili ubongo uiamrishe ovari itengeneze estrojeni. Baada ya kukoma hedhi, mafuta yenyewe yamekuwa kiwanda kikuu cha estrojeni.

Kinachotokea ni hiki. Tezi za adrenali zilizoko juu ya figo zinaendelea kutoa androstenedioni, homoni ya kundi la zile tunazoziita za kiume, na ovari nazo, ingawa hazina mayai, huendelea kutoa testosteroni kidogo. Ndani ya mafuta kuna kimeng'enya kiitwacho aromatasi ambacho huzigeuza homoni hizo kuwa estrojeni, hasa ile iitwayo estroni. Mwenye mafuta mengi ana aromatasi nyingi. Leptini nayo inashiriki hapa kwa namna ambayo muuzaji wako hakuifikiria, kwa kuwa katika tafiti za maabara imeonekana kuongeza utengenezaji wa aromatasi kwenye mafuta ya titi. Zaidi ya hapo, mafuta ya tumboni hufanya insulini ipande, na insulini ikipanda ini hupunguza kutengeneza ile protini inayobeba homoni za uzazi katika damu na kuzishikilia zisitende kazi. Protini hiyo ikipungua, estrojeni na testosteroni zinazozunguka zikiwa huru huongezeka. Zile ndevu chache za kidevuni zina asili yake hapo: kila mwanamke aliyekoma hedhi ana estrojeni kidogo ya kusawazisha testosteroni, na kwa mwenye kitambi testosteroni iliyo huru ni nyingi zaidi. Ndevu chache zinazokuja polepole hazinitii hofu. Zingekuja kwa kasi, na sauti ikawa nzito au nywele za utosi zikaanza kupukutika, ningetaka uonwe haraka.

Hili pia linaeleza kwa nini FSH yako ni ndogo kuliko ya mdogo wako. Imeonekana mara nyingi kwamba baada ya kukoma hedhi wanawake wanene huwa na FSH na LH za chini kidogo kuliko wembamba, na njia moja inayoeleweka ni kwamba estrojeni ile ya kwenye mafuta hurudi kwenye ubongo na kuupunguzia kelele. FSH yako imeshushwa na kilo zako, si na afya bora. Ukipungua uzito kisha ukakuta FSH imepanda, usiseme umeharibika.

Hatari ya estrojeni hii ni kwamba haina mwenzake. Zamani, kila mwezi, estrojeni ilijenga ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, kisha projesteroni iliyotoka kwenye ovari baada ya yai kupevuka ikautuliza, na hedhi ikauondoa. Sasa estrojeni inaendelea kujenga, projesteroni haipo, na hakuna hedhi ya kuondoa. Ukuta huo unaweza kunenepa, ukatoa damu, na kwa miaka mingi chembe zake zikabadilika. Ndiyo sababu saratani ya ukuta wa ndani ni moja ya saratani zinazofungamana zaidi na unene, na ndiyo sababu damu yako, kwa uzito wako, ilinifanya nianze nayo. Saratani ya titi inayokuja baada ya kukoma hedhi nayo huongezeka kwa uzito, kwa wastani wa takriban asilimia 12 kwa kila nyongeza ya pointi 5 za kipimo cha uzito kwa urefu, ambacho chako sasa kinakaribia 35.

Utaniuliza: kama mafuta yangu yanatengeneza estrojeni, mbona joto na jasho la usiku vinanitesa? Wengi hudhani kwamba mnene hasumbuliwi na joto la ghafla. Tafiti zinaonyesha kinyume chake, hasa katika miaka ya kukaribia na kuingia ukomo wa hedhi, kwa sababu mafuta ni kama blanketi linalozuia joto kutoka, na estrojeni ya kwenye mafuta ni ndogo mno ikilinganishwa na ile iliyozoeleka na ubongo. Katika haipothalamasi kuna kundi la chembe za neva zinazotumia kemikali za kupelekeana ujumbe ziitwazo kisspeptini na nyurokinini B, na chembe hizo ndizo zinazopiga mapigo yanayoamsha LH. Estrojeni ikipungua, chembe hizo huvimba na kufanya kazi kupita kiasi, na kwa kuwa zinawasiliana na kituo cha kudhibiti joto la mwili, kila mlipuko wake huja na wimbi la joto. Ugunduzi huo ndio uliozaa dawa ya fezolinetanti, inayozuia nyurokinini B, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2023. Na katika eneo hilohilo dogo la ubongo zimo chembe zinazoongoza njaa na shibe, zinazosomewa taarifa za leptini na za ghrelini.

Ghrelini ndiyo homoni ya hamu ya kula kwa maana halisi. Iligunduliwa Japani mwaka 1999, hutoka tumboni, hupanda kabla ya mlo na kushuka baada ya kula. Kwa vijana, ikipanda sana hupunguza mapigo ya LH, kwa mantiki ileile ya ubongo kuahirisha uzazi wakati wa njaa. Kwako ambaye LH haina yai la kupevusha, hilo halina faida wala hasara unayoweza kuihisi. Ghrelini inakugusa kwa upande mwingine, nao ni usingizi. Katika utafiti mdogo wa Chicago uliochapishwa mwaka 2004, vijana wa kiume wenye afya walilala saa nne tu kwa usiku mbili. Leptini yao ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa asilimia 28, na hamu ya vyakula vitamu na vya wanga ikaongezeka. Hawakuwa wanawake wa umri wako, kwa hiyo sizihamishi namba hizo kwako kama zilivyo, lakini mlolongo unaouelezea, joto kisha kuamka kisha jikoni, ninausikia kliniki mara kwa mara. Njaa yako ya usiku naiona zaidi kama tatizo la usingizi uliovunjwa na joto, na ukitibiwa joto hilo kuna nafasi nzuri ya njaa kupungua bila kupigana nayo. Muulize pia anayelala nawe kama unakoroma na kukatika pumzi, kwa sababu kukosa hewa usingizini huongezeka baada ya kukoma hedhi, hasa kwa mwenye uzito.

Kuhusu kilo 11, nitasema neno la haki kwa pande zote mbili. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake wa jamii mbalimbali kuanzia mwaka 1996 ulionyesha kwamba uzito huongezeka hasa kwa sababu ya umri, lakini kipindi cha kuingia ukomo wa hedhi huharakisha ongezeko la mafuta na kupungua kwa misuli. Mizani inaweza isitikisike sana wakati kanga haifungiki tena kama zamani. Kwa hiyo hukuwa mvivu wala mlafi ghafla ulipofika miaka 51, na wakati huohuo si kweli kwamba hakuna la kufanya.

Linalofanyika limepimwa. Huko Seattle, wanawake wenye uzito mkubwa waliokoma hedhi walifuatwa kwa mwaka mmoja, na matokeo ya homoni yakachapishwa mwaka 2012. Waliounganisha kupunguza chakula na mazoezi walipungua wastani wa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wao. Estradioli yao ilishuka kwa takriban moja ya tano, ile iliyo huru kwa takriban robo, na protini inayoshikilia homoni ikapanda kwa robo hivi. Leptini yao ilishuka kwa takriban asilimia 40. Nakuomba ukitazame hicho cha mwisho: afya yao iliboreka huku leptini ikishuka. Aliyekuuzia nyongeza ya leptini alikuwa anakuuzia safari ya kurudi nyuma.

Kwa mtu wa kilo 89, kupunguza kilo 5 hadi 9 katika mwaka ni lengo la maana. Ningeanza na sahani: ugali au wali uwe robo ya sahani badala ya nusu, mboga zijaze nusu, na robo iliyobaki iwe samaki, dagaa, maharage, mayai au nyama isiyo na mafuta, maana protini hukinaisha na hulinda misuli. Soda na chai ya sukari nyingi ziondoke kabla ya kitu kingine chochote. Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki ni kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, lakini wanawake wetu wengi wanatembea tayari. Wanachokosa ni mazoezi ya nguvu, kama kuchuchumaa na kusimama, kupanda ngazi, kunyanyua madumu ya maji, angalau siku mbili kwa wiki.

Pengine umesikia pia habari za sindano za semaglutidi, zinazouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy. Hizo zinaiga homoni nyingine ya utumbo, GLP-1, na tofauti na vidonge vyako zinafanya kazi kweli. Zinafaa kwa baadhi ya watu, hasa wenye kisukari, ila ni ghali, huleta kichefuchefu, zinaweza kusababisha mawe ya kifuko cha nyongo, hupunguza misuli pamoja na mafuta, na uzito mwingi hurudi ukiziacha. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutidi bandia, kwa hiyo usinunue kwa mtu wa mitandaoni. Siyo uamuzi wa kufanya kabla damu yako haijajulikana chanzo chake, na kwanza upimwe sukari, mafuta ya damu na shinikizo.

Tiba ya homoni, yaani estrojeni ya hospitali, ndiyo inayoshinda zote kwa joto na jasho la usiku, na kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60 ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome faida zake kwa kawaida huzidi madhara. Haileti unene kama inavyosemwa mitaani, wala haiuondoi. Lakini haianzishwi kwa mtu mwenye damu isiyoelezwa, na kwa mwenye mfuko wa uzazi lazima iambatane na projesteroni kwa sababu ile niliyoieleza juu. Ikiwa uchunguzi utakuwa salama, zungumza na daktari kuhusu estrojeni ya kubandika au kupaka kwenye ngozi, ambayo kwa mwenye uzito mkubwa ina hatari ndogo ya kugandisha damu kuliko vidonge. Ikiwa haikufai, ziko dawa zisizo za homoni zinazopunguza joto, zikiwemo baadhi ya dawa za msongo wa mawazo kwa kipimo kidogo.

Na mdogo wako? FSH ya 96 haina maana ya kuharibika. Ni sauti ya ubongo kwa mwanamke ambaye hana mafuta mengi ya kutengeneza estroni. Asipewe chochote cha kuishusha. Kinachonishughulisha kwake ni ule mkono. Mwanamke aliyekoma hedhi akivunjika mfupa kwa kuteleza tu bafuni, mfupa wenyewe unashukiwa. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikizuia mifupa isiliwe haraka, na mwembamba hana akiba ya pembeni ya estrojeni wala uzito wa kuilazimisha mifupa iwe imara. Mpeleke naye kliniki, akapimwe msongamano wa mifupa mahali palipo na mashine ya DEXA, na pasipo na mashine hiyo daktari anaweza kuanza matibabu kwa historia ya kuvunjika pekee. Aulizwe kama anavuta sigara, kama ametumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, kama mama yenu aliwahi kuvunjika nyonga. Vitamini D na kalsiamu vitamsaidia akiwa na upungufu, lakini kwa aliyekwisha kuvunjika mara nyingi havitoshi peke yake, na zipo dawa za kuimarisha mifupa ambazo humezwa mara moja kwa wiki au hudungwa mara moja kwa mwaka. Kabla ya kuanza hizo amwone daktari wa meno, na apimwe figo.